Ondoeni hilo jiwe mlangoni

Jamani, nani kaliweka tena lile jiwe la matumbawe kwenye mlango wa ngazi, ghorofa ya tatu? Nimeliondoa asubuhi, narudi kutoka kuswali adhuhuri nalikuta pale pale, mlango umeachama. Hoja ni ile ile: Malindi joto, acha upepo upite. Joto nalijua, nami naishi humu humu.

Lakini mlango ule si wa pambo, ni wa kuzuia moto. Ni mzito makusudi, una mkono wa chuma juu unaoufanya ujifunge wenyewe, na pembeni una utepe mwembamba unaovimba ukipata moto ukaziba upenyo. Ukifungwa, mlango kama huo unaweza kuuzuia moto nusu saa au hata saa nzima, watu wa juu wakashuka na watoto wao. Ukiwa wazi, ngazi inageuka dohani: moshi unapanda moja kwa moja, na mara nyingi moshi ndio unaoua kabla ya moto kufika. Kule London, jengo la Grenfell Tower lilipoungua mwaka 2017 walikufa watu 72, na uchunguzi ulikuta milango mingi ya nyumba haikujifunga, moshi ukapita.

Na fundi wa intaneti naye! Katoboa ukuta wa ngazi tundu la kupita ngumi kwa ajili ya waya mmoja, kaenda zake bila kuliziba; moshi utapitia hapo hapo hata mlango ukifungwa. Nimemwambia mwenye jengo mara tatu, jibu ni "tutaona".

Ghorofa ya tano yupo bi mkubwa asiyeweza kushuka ngazi bila kushikwa mkono. Nikilikuta tena hilo jiwe, nalitupa baharini.