Dalali, Mimi Sibebi Watalii

Leo saa moja asubuhi, chai bado ya moto, simu imelia mlio wa ujumbe. Dalali. Picha sita na maneno haya: "Kiongozi, mzigo wako huu hapa, usije ukasema sikukutafutia." Nafungua. Land Cruiser. Ile ndefu ya kupeleka watalii Serengeti, spea mbili mgongoni, siti za nyuma zimepasuka, na mlangoni bado kuna alama ya kampuni iliyobanduliwa kwa kucha.

Nikampigia. Ndugu yangu, si nilikueleza nataka gari la spoti, dogo, la kuzungukia mikoani mimi na mama watoto, na likipatikana la kufunguka paa nitashukuru? Akajibu bila kumeza mate: "Sasa kiongozi, hiyo si ya kutembelea? Na paa hilo hapo linafunguka. Unasimama kabisa, unaona mpaka simba."

Nimekata simu kwa adabu. Mimi ni mtu wa heshima zangu, sigombani na dalali kabla ya chai.

Lakini jamani, nimeomba kitu gani cha ajabu? Toyota IST yangu nimeiendesha mpaka siti ya dereva imeshika umbo langu. Imebeba wanafunzi wa mtaa mzima, imebeba saruji, imebeba mbuzi wa Idi ambaye aliamua haja zake zote azimalizie humo humo kabla ya kuchinjwa. Sasa nataka gari moja la kukaa chini, gia ya mkono, Ijumaa jioni likanitoa Dar likanipandisha Lushoto. Mnaoijua ile barabara ya kutoka Mombo mnanielewa: kona inakukabidhi kwa kona nyingine, ukuta wa mlima huku, korongo kule. Barabara ile ilichongwa kwa ajili ya gari la spoti, tukaja kuwaachia Coaster.

Milioni kumi na tano ninazo. Yaani, zipo. Nyingine ziko kikoba.

Msiniambie niagize Japani, nimeshakaa na kikokotoo cha ushuru mpaka macho yakauma. Magari ya spoti ya watu wa kipato changu yote yameshaacha kutengenezwa: Altezza ya Toyota 2005, MR-S ya Toyota 2007, S2000 ya Honda 2009, RX-8 ya Mazda 2012. Na gari likishavuka miaka kumi linapigwa ushuru wa uchakavu asilimia 30, mbali na ile 25 ya forodha, mbali na VAT. Hebu nielewesheni. Mimi ningekuwa na hela ya gari la mwaka juzi, ningehangaika na la 2004? Ninaadhibiwa kwa uchakavu ambao sikuuchagua, ni mfuko ulionichagulia.

Basi ni matangazo ya hapa hapa mjini. "Injini haijaguswa." "AC ya kufa mtu." "Njoo na fundi wako." "Weka mafuta, ondoka." Zote ni za mama mmoja mtumishi ambaye alikuwa anaendea kanisani Jumapili tu. Huyo mama nimemtafuta sana. Kwa magari aliyonayo, angekuwa amefungua kampuni ya mabasi.

Sasa niwape la Jumamosi, maana ndilo lililonifanya leo nisiwe na uvumilivu na Land Cruiser.

Dalali mwingine, huyu wa Tegeta, akaniita yadi. RX-8. Nyekundu, gia ya mkono, ya 2004. Nikaenda na fundi wangu, mzee wa kazi, amefungua Fuso na Scania kabla wengine hatujajifunza kuendesha baiskeli. Nikavaa na shati la kunyoosha ili bei isichezewe.

Gari lenyewe, wallahi, zuri. Milango ya nyuma inafunguka kinyumenyume, ukifungua yote ni kabati la bibi harusi. Dalali akaanza sala yake: "Tajiri, usiogope mafuta. Hii cc ni 1300 tu. Sawasawa na IST yako."

Hapo ndipo niliposema moyoni, leo tuna kazi. Kwa sababu cc 1300 ni kweli, kitabu kinasema hivyo. Ila cc hizo ni za injini ya rotari, na rotari haijui habari ya IST. Ukiipa mafuta inakunywa na jirani yake anakunywa. Na mafuta yenyewe ndiyo haya ambayo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunakaa redioni kusikiliza bei mpya tukiwa tumeshikilia vifua.

Fundi akafunua boneti. Akatazama. Akawasha tochi ya simu. Akainama, akainuka, akazunguka upande wa pili.

"Mzee, injini iko wapi?"

Nikamwonyesha, kule chini nyuma, chini ya lile plastiki. Akagusa kwa kidole kimoja.

"Hii ndogo hii? Pistoni ngapi?"

Nikamwambia haina.

"Haina nini?"

"Haina pistoni. Na valvu haina. Kuna pembetatu mbili zinazunguka ndani."

Fundi akanitazama kwa muda mrefu. Halafu akamtazama dalali, kuona kama tumepanga. "Plagi je?"

"Plagi nne."

"Pistoni sifuri, plagi nne." Akafuta mikono kwenye kitambaa japokuwa hakuwa ameshika kitu. "Endelea."

Nikaona nimalize yote kwa pamoja. Nikamweleza kwamba hii injini inakula oili kidogo kidogo, na si ugonjwa, kiwandani walipanga iwe hivyo, ile oili inadondoshewa ndani kulainisha ncha za zile pembetatu. Kwa hiyo kila ukijaza mafuta unapima na oili.

"Inaunguza oili kwa makusudi."

"Kwa makusudi."

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, sauti ya kumshauri mtu msibani, "gari la mteja likiunguza oili mimi namwambia ringi zimekufa, tunafanya ovaholi, naenda kulipa ada ya watoto. Sasa hawa Wajapani wameuza ugonjwa ukiwa mpya?"

Dalali akaona biashara inapoa. "Jamani maneno mengi ya nini, tuliwashe tajiri alisikie!" Akamwita kijana wa yadi. Gari lilikuwa limezibwa na Alphard, ikabidi lisogezwe mbele kidogo. Kijana akaingia, akawasha. Likaunguruma vizuri, mama wa Kijapani wa kwenye dashibodi akatupa salamu yake ile ya kila asubuhi kuhusu kadi ya kulipia barabara za kwao, ambayo hatuna wala hatutakuwa nayo, gari likasogea hatua mbili, tatu. Nikapaza sauti: "Usizi..."

Akazima.

Sasa wenye rotari wanajua. Ukiiwasha ya baridi, ukaisogeza ukaizima kabla haijapata moto, mafuta yanabaki ndani, plagi zinalowa, na hapo umejifunga mwenyewe. Gari halina kosa, ndivyo lilivyo. Lakini nitamweleza nani? Dalali akasema "washa sasa tajiri asikie vizuri," kijana akapiga starta. Nye-nye-nye-nye. Tena. Nye-nye-nye.

Dar es Salaam gari likikataa kuwaka, mkutano wa hadhara hauhitaji kibali. Alitoka bodaboda wa kwanza, akaja na wenzake. Akaja mama ntilie na mwiko mkononi. Akaja mzee mmoja mwenye gazeti, aliyesema tatizo ni pampu, kila lililosemwa yeye alisema pampu. Mwingine akasema tutoe betri tuipigepige. Mimi nikasema, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba dawa ni kukanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini huku unapiga starta, maana ukifanya hivyo gari linakata mafuta, ile ya ndani inakauka.

Kelele! "Utazidi kuizamisha mzee!" "Huyu ni mteja au fundi?" Hata fundi wangu, niliyemleta kwa nauli yangu na supu yangu, akatikisa kichwa upande wao.

Walivyokuja kukubali, betri imekwisha.

"Sukumeni!" Nani alisema sijui. Ninachojua, dakika chache baadaye mteja mwenye shati la kunyoosha yuko nyuma ya gari ambalo si lake, mikono kwenye buti, anasukuma kwenye mchanga wa Tegeta, na dalali, dalali yule yule, ameketi kwenye usukani anapunga mkono: "Nguvu tajiri, nguvu!" Mara ya kwanza halikuwaka. Mara ya pili likapiga mshindo mmoja, kuku wa mama ntilie wakatawanyika, mzee wa gazeti akasema pampu. Likagoma kabisa.

Dalali akashuka akijifuta jasho ambalo hakutoka. "Unaona? Limekupenda. Halitaki kuondoka bila wewe."

Halafu wale bodaboda wakaanza kuniangalia mimi. Sio yeye. Mimi. Hela ya kusukuma. Nikauliza, kwa heshima, hivi mteja akija dukani kununua friji likawa halifanyi kazi, analilipia kulibeba? Wakasema mzee acha maneno, toa ya maji. Nimetoa. Elfu kumi imekwenda, shati limekwenda, na fundi njiani kurudi hakusema neno mpaka Mwenge, akasema tu, "Pembetatu," akatikisa kichwa.

Magari mengine sina haja ya kuyasimulia sana. MR-S ni tamu, ila injini iko katikati mgongoni mwako na mizigo ni kile kijishimo nyuma ya viti. Sasa unatoka Lushoto bila gunia la viazi, kabichi na maua ya mama mkwe? Utaingilia mlango gani? Roadster ya Mazda ina viti viwili, mama watoto akaniuliza swali moja tu, "Na sisi wengine?" Fairlady ya Nissan cc 3500, hiyo ni ya watu ambao hawasikilizi redio Jumatano.

Imebaki Altezza. Milango minne, buti la kweli, na ile spidomita yenye visaa vidogo ndani yake. Fundi anaijua, ina pistoni, nimemwona akitabasamu. Shida ya Altezza ni kwamba kila iliyopo sokoni imeshapita kwa kijana mmoja aliyekata springi, akabadilisha bomba, akabandika utepe kwenye kioo, kisha anakuandikia "haijachezewa". Na redio zake za Kijapani mwisho ni FM 90, stesheni zetu nyingi hazishiki, mpaka ukafungiwe kale kakifaa ka kuongeza masafa. Mama watoto ameshasema hasafiri mpaka Tanga akisikiliza mluzi wangu.

Na hata nikilipata, nitaliendesha wapi? Hapo ndipo roho inaponiuma kweli. Toka Kibaha kila kijiji ni 50, kila 50 ina tochi ya trafiki ya kupima mwendo nyuma ya mwembe, kila tochi ni elfu thelathini. Ukipona tochi kuna tuta, ukipona tuta kuna rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo vinavyokung'oa plombe za meno. Gari la kukaa chini linavuka tuta kwa kupangiwa: abiria washuke, dereva akate kona, mtu achuchumae pembeni aseme njoo, njoo, njoo, basi. Ukiamua kwenda Iringa unakatiza hifadhi ya Mikumi, ambako twiga mmoja ukimgonga faini yake inazidi bei ya gari lenyewe, na yeye ndiye aliyekuja barabarani. Huku pembeni, tangu 2024, treni ya umeme inakwenda Dodoma kwa kilomita 160 kwa saa, mtu amelala mdomo wazi, ana soda mezani. Nina uchu wa mwendo, na mwendo umepewa yule aliyelala!

Hapo sijasema ndugu. Nilifanya kumwonyesha shemeji picha ya Altezza nyeupe, picha tu, gari bado la watu. Kufika jioni nimeingizwa kwenye kamati ya harusi ya binamu yake, kipengele cha usafiri. Nimeyaona kwa macho yangu kwenye bajeti: "Gari la maharusi: lipo." Lipo wapi? Na pembeni yake wameandika mapambo nitayagharamia mimi, maana ni gari langu.

Hiyo kamati nayo ina mambo. Mwenyekiti aliahidi laki tano kikao cha kwanza, watu wakapiga makofi, mpaka leo hajatoa hata buku, lakini ndiye anayesoma majina ya wadaiwa. Vikao ni baa, soda kila mtu anajilipia, supu yake yeye inaandikwa "dharura". Nimeuliza kikao kilichopita ni dharura gani hiyo inayokuja na ndizi mbili na limao, nikaambiwa niheshimu meza.