Zanzibar ya Chukovsky

Watoto wengi wa Urusi hulisikia jina la Zanzibar kabla hata hawajaanza shule. Wanalipata kwa Korney Chukovsky, mshairi wa watoto wa Kirusi, katika shairi la daktari Aibolit, jina ambalo kwa Kirusi ni kilio cha mgonjwa: "Ai, panauma!" Mbweha anamletea daktari telegramu kwamba watoto wa wanyama wa Afrika ni wagonjwa. Wanaishi wapi? Zanzibar, Kalahari, Sahara, na huko Limpopo anakotembea kiboko. Majina hayo yamekutanishwa na vina tu. Daktari anafika kwa kubebwa na mbwa mwitu, nyangumi na tai, kisha usiku kumi mfululizo hali, hanywi, halali, anawapima homa viboko na kuwagawia chokoleti.

Hapo sioni ubaya. Kinachonikera ni shairi la Barmaley, la mwaka 1925, linaloanza kwa kuwaonya watoto wasithubutu kwenda Afrika: kuna papa, magorila, mamba, na jambazi anayekula watoto. Ajabu ni kwamba jina la jambazi huyo halina Uafrika wowote. Chukovsky aliliokota kwenye Mtaa wa Barmaleeva, mjini St. Petersburg, akitembea na mchoraji Dobuzhinsky. Waafrika waliokwenda kusoma Moscow tangu 1960, kilipofunguliwa Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, walikutana na vijana waliolelewa na beti hizo. Siamini kwamba zilipita bila kuacha alama.

Lakini tazama waliomshambulia Chukovsky enzi zake. Mwaka 1928 Nadezhda Krupskaya, mjane wa Lenin, aliandika katika Pravda, gazeti la chama tawala cha Kikomunisti, akilalamikia shairi la Chukovsky liitwalo Mamba: badala ya kujifunza maisha ya mamba, mtoto analishwa upuuzi. Kwa mtu mwenye cheo chake, hayo hayakuwa maoni ya msomaji tu. Mwishoni mwa 1929 Chukovsky akazikana hadharani hadithi zake, akaahidi kuandika kitabu cha furaha kuhusu mashamba ya ushirika. Hakukiandika.

Kwa hiyo kila nikitaka kumsahihishia jiografia yake, namwona Krupskaya ananisogezea kiti niketi upande wake. Nauzuia ulimi. Ila suala la Barmaley si jiografia, ni nani anayefanywa wa kuogopwa. Aibolit ningemsomea mtoto usiku huu huu. Barmaley angesubiri hadi afikie umri wa kuniuliza kwa nini jambazi, mwishoni alipotubu, alipelekwa Leningrad, jina la St. Petersburg enzi hizo, kuoka mikate.