Imani ya kurithi nayo ni imani

Wahubiri wa uamsho wanapenda kusema kwamba Mungu hana wajukuu. Yaani kila mtu aokoke mwenyewe. Kubatizwa ukiwa mchanga, kupata kipaimara kwa kuwa wa rika lako wote wanapata, kujiita Mlutheri kwa kuwa babu alikuwa Mlutheri, hayo hayahesabiki. Msemo una ukweli wake, ila siku hizi umekuwa rungu, na mara nyingi linamwangukia mtu aliyesali miaka hamsini bila kumtangazia yeyote.

Tazama Kilimanjaro. Huko jina tu mara nyingi linakuonyesha kanisa la mtu: Elirehema au Elifuraha huenda ni wa KKKT (Kanisa la Kilutheri), Deogratias huenda ni Mkatoliki. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, wakafika Machame 1893, na koo zikaingia kwenye kanisa lililokuwa jirani. Wachache sana waliketi kupima mafundisho ya Luther na ya Roma. Hapo walokole wana hoja. Dhehebu limegeuka alama ya ukoo, kiasi kwamba kijana wa Machame, kwa Walutheri, anaweza kuwekewa ngumu kuoa Kibosho, kwa Wakatoliki, na tabia ya binti isiulizwe kabisa. Desemba makanisa ya mlimani yanafurika watu ambao huko Dar hawajui jumuiya yao inakutana nyumba gani.

Lakini Desemba si kipimo. Nenda Jumapili ya kawaida, ukae mpaka mnada wa sadaka baada ya ibada. Bibi aliyekosa hela ya bahasha kaleta mkungu wa ndizi. Mjukuu wa jirani anapandisha bei, mwingine anampandia, ukifika mwisho aliyeununua anaagiza urudishwe kwa bibi yule yule. Hakuna aliyewafundisha hilo kwenye semina. Wamewaona baba zao wakifanya hivyo. Vivyo hivyo ndugu waliogombania mpaka wa kihamba, shamba la ukoo: wazee watawakalisha kwanza, wapatane, ndipo waende Meza ya Bwana. Wakati mwingine wanapatana kwa shingo upande (tuseme kweli), lakini panga limerudi ndani.

Bruno Gutmann, mmisionari aliyefika Uchagani mwaka 1902 na kufanya kazi Old Moshi kwa miaka mingi, alitaka usharika ujengwe juu ya ukoo, ujirani na rika. Alilaumiwa kwamba anataka Wachagga wabaki walivyokuwa, na lawama hiyo si ya kupuuza. Vijana waliosoma walitaka dunia pana kuliko kihamba. Hata hivyo alielewa jambo ambalo mahubiri ya mkutano wa uwanjani hayaligusi: mtu akishanyoosha mkono na kuongozwa sala ya toba, Jumatatu anarudi kwa mke, shemeji na madeni, na huko anatenda kama alivyolelewa.

Paulo mwenyewe, ambaye wokovu wake ulimwangusha njiani Dameski, anapomwandikia Timotheo haoni aibu kutaja kwamba imani ile ilikaa kwanza kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Anamhimiza aichochee karama iliyo ndani yake. Kuitupa ili aanze upya hakumwambii.

Ninachowauliza ndugu zetu walokole ni kuhusu watoto wao. TAG, kanisa la kipentekoste la Tanzania Assemblies of God, iliadhimisha miaka 75 mwaka 2014, kwa hiyo wapo waumini ambao babu zao waliokokea humo humo. Hawabatizwi wachanga, sawa, lakini wanawekwa wakfu mikononi mwa mchungaji, wanakulia shule ya Jumapili, wanaingia kwaya kwa sababu mama yumo kwaya. Wengine watashika imani kwa moyo wote, na wengine watakuwa watu wa kuja Krismasi, sawasawa na Walutheri wa Machame.