Boksi la Glasi: Lionyeshe au Lilinde?

Mwezi uliopita shemeji yangu, anayeuza vyombo vya nyumbani Kariakoo, aliniwekea maboksi mawili mezani. Kila moja lilikuwa na glasi sita, zile ndefu za maji na juisi ambazo hazikosekani kwenye zawadi za kicheni pati. La kwanza ni la kaki, limezibwa pande zote, kwa nje lina mchoro wa glasi tu. La pili lina dirisha kubwa linaloanzia mbele na kukunja kona hadi ubavuni, limezibwa kwa plastiki angavu, na glasi zinameremeta humo kama ziko kabatini. Yeye huletewa glasi kwenye katoni kubwa, na akishazitoa kuziuza rejareja hana cha kumfungia mteja zaidi ya magazeti. Sasa anataka kutengenezesha maboksi yake mwenyewe. Akaniuliza: "Shem, nitoboe au nizibe?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Kadiri nilivyolifikiria, ndivyo nilivyoona kila upande una hoja ambayo mwenzake hawezi kuipuuza.

Tuanze na kinachoivunja glasi, maana wengi tunakosea hapo. Kioo kikibanwa ni kigumu ajabu. Kikivutwa au kupindwa ndipo kinaposhindwa. Na kinaposhindwa, chanzo huwa ni mikwaruzo midogo mno juu ya ngozi yake, mingine isiyoonekana kwa macho. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alilieleza hilo katika andiko lake la 1921: nguvu inayopita kwenye kioo hujikusanya kwenye ncha ya ufa mdogo, ufa ukarefuka, kioo kikaachia. Kwa mfanyabiashara wa vyombo maana yake ni kwamba adui wa kwanza wa glasi ni glasi jirani yake. Sita zikisuguana ndani ya bajaji kutoka Kariakoo hadi Mbagala, zinaweza kufika nzima zikiwa tayari zimejeruhiwa. Wiki mbili baadaye moja inamiminiwa chai ya moto na kupasuka, na nyumbani wanaanza kumtafuta mwenye kijicho. Jeraha lilipatikana barabarani.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia dirisha kuna vigawanyo, yaani vile vipande vya karatasi ngumu vinavyopishana ndani ya boksi na kuipa kila glasi chumba chake. Boksi lisilo navyo halifai, hata liwe zuri vipi. Tena vifike usawa wa mdomo wa glasi, kwa sababu vikiishia katikati, midomo ndiyo itakayogongana, na mdomo ndio sehemu nyembamba kuliko zote. Yale maboksi mawili ya shemeji yote yalikuwa na vigawanyo vifupi. Hapo yalikuwa sawa kwa ubaya.

Sasa dirisha. Wanaoliita pambo hawajasimama nyuma ya meza ya duka la vyombo. Mnunuzi wa Kariakoo hanunui glasi kwa picha. Anataka kuishika, aiinue kwenye mwanga, apitishe kidole mdomoni kutafuta palipomeguka, kisha aigonge kwa ukucha asikilize mlio. Nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hutoa sauti iliyokatika. Ni ukaguzi wa haki kabisa, na mtu anayetoa fedha yake ana sababu ya kuufanya. Lakini boksi lililozibwa humlazimu muuzaji kulifungua kwa kila anayeuliza, hata asiyenunua. Vifuniko vinachanika, vigawanyo vinahama, glasi zinarudishwa kwa haraka kwa sababu mteja mwingine anaita. Ukilitazama hivyo, dirisha lenyewe ni kinga, maana linapunguza mikono. Aliyekwisha kuziona zote sita, rangi yake na idadi yake, atafunguliwa boksi mara moja tu, wakati wa kulipa.

Kuna jambo jingine nililoliona kwa macho yangu mlangoni pa duka hilo, mzigo ukishushwa kutoka kwenye kirikuu. Alama ya kimataifa inayobandikwa kwenye mzigo wa kuvunjika ni picha ya glasi yenye mguu. Ipo kwenye katoni nyingi sana, za glasi na zisizo za glasi, kiasi kwamba kuli ameizoea na haimwambii kitu tena. Lakini yule yule aliyetupa katoni yenye alama alilipokea boksi lenye dirisha kwa mikono miwili, akalishusha taratibu. Aliona glasi zenyewe. Sidai kwamba kila mtu atafanya hivyo, ila hoja hiyo siwezi kuitupa.

Hoja ya kuziba inaanzia ghalani. Maboksi yakipangwa, uzito wa yale ya juu hubebwa zaidi na kona za wima za lile la chini, kwa kuwa kuta zake katikati hubonyea mapema na kuziachia kona kazi. Dirisha linalokunja kona limekata nguzo, na plastiki iliyowekwa mahali pake haibebi chochote. Dirisha lililo katikati ya ukuta, lililoachiwa walau vidole vitatu vya karatasi kutoka kila kona, lina madhara madogo zaidi. Lile alilolipenda shemeji ni la aina mbaya kuliko zote.

Halafu kuna hewa ya Dar es Salaam. Karatasi hunywa unyevu, na ikinywa hulegea. Boksi lililosimama vizuri Januari linaweza kuinama Aprili, masika yakiwa yamekolea, hasa likiwekwa moja kwa moja juu ya sakafu ya saruji. Anayesanifu boksi la huku kwa vipimo vya nchi zenye hewa kavu atadanganyika. Hii ndiyo sababu naona boksi letu lianze likiwa na nguvu ya ziada, wala lisipunguziwe kuta kabla halijaanza kazi.

Na niseme hapa kwamba karatasi ngumu yenye mawimbi katikati ina undugu wa damu na kioo. Mwaka 1871 Albert Jones wa New York alipewa hataza ya kutumia karatasi ya mawimbi kufungia chupa na chemni za taa. Mwaka 1874 Oliver Long akaongeza karatasi bapa za kuyashikilia mawimbi yasilale. Aliyekulia kwenye nyumba ya taa ya chemni anajua kwa nini mtu alikesha akitafuta namna ya kuifikisha nyumbani nzima. Mawimbi yale yanafanya kazi kwa sababu yana hewa ndani na yanakubali kubonyea kabla ya glasi.

Upande wa dirisha una jibu zuri kuhusu uzito wa ghalani. Katoni za bia ni nyepesi kwa sababu chupa zenyewe husaidia kubeba uzito wa katoni za juu. Nimeshasema kioo kikibanwa ni kigumu. Glasi nene zilizonyooka, zikisimama wima na kugusa kifuniko sawasawa, zinaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Nakubali. Kwa glasi za namna hiyo dirisha si hatari kubwa wakati mzigo umetulia. Kwa glasi nyembamba za mdomo mwepesi, na zile za mguu, hoja hiyo inaanguka.

Lakini mzigo huanguka pia, na hapo ndipo nilipoanza kuegemea upande mmoja. Chama cha kimataifa cha usalama wa mizigo, ISTA, kina jaribio la msingi ambalo sehemu yake ya kuangusha mtu yeyote anaweza kuifanya sebuleni: boksi lisilozidi takriban kilo 9.5 huangushwa mara 10 kutoka sentimita 76, mara moja kwa kona, mara tatu kwa kingo, mara sita kwa nyuso zake. Sentimita 76 ni karibu sawa na urefu wa kiti cha bodaboda. Hesabu yake ni nyepesi. Glasi ikianguka sentimita 76 ikasimamishwa ndani ya sentimita moja ya kubonyea, inabanwa kwa wastani wa takriban mara 76 ya uzito wake. Ya gramu 300 inahisi kama imebebeshwa kilo 23. Ukiipa sentimita mbili za kubonyea, mzigo huo unashuka hadi nusu. Hakuna gundi wala rangi itakayokupa unafuu huo, ila nafasi.

Na dirisha linaila nafasi. Ili glasi ionekane vizuri, inasogezwa mbele mpaka inagusa plastiki; ili ilindwe, inatakiwa ikae katikati, mbali na kila ukuta. Huu ndio mgongano wenyewe. Mtu anaweza kuimarisha kona, anaweza kuchagua plastiki nzito, lakini glasi iliyobandamana na dirisha haina mto upande huo, na siku boksi litakapoangukia uso, upande huo ndio utakaogusa lami.

Bado kuna maisha ya boksi baada ya duka, ambayo wasanifu wengi huyasahau. Kwetu boksi la glasi nzuri halitupwi. Linawekwa juu ya kabati au chini ya kitanda, linashushwa Idi, Krismasi au mgeni wa heshima akija, kisha glasi zinaoshwa na kurudishwa humo. Boksi linaishi miaka. Dirisha la plastiki hubanduka mapema, vumbi likaingia, mende nao wakafuata gundi. Boksi lililozibwa kabisa nalo lina ubaya wake: glasi iliyorudishwa na majimaji hubaki na unyevu uliofungiwa, na unyevu wa muda mrefu huunyonya uso wa kioo hadi ukabaki na ukungu usiotoka kwa sabuni. Magazeti yaliyolowa huacha madoa pia. Kwa hiyo glasi zikaushwe hasa, na boksi lipumue kidogo. Mama zetu huzilaza glasi kifudifudi kuepusha vumbi, na kwenye rafu ya wazi wako sahihi. Ndani ya boksi ningeziweka wima, ili uzito usikae kwenye mdomo na harufu ya karatasi isifungiwe ndani.

Kuhusu gharama sitakawia. Dirisha linahitaji kisu maalumu cha kukatia na plastiki ya kubandika, mara nyingi kwa mkono. Marufuku ya plastiki iliyoanza 1 Juni 2019 iligusa mifuko ya kubebea, na vifungashio vya bidhaa za viwandani viliachwa, kwa hiyo kikwazo si sheria. Kikwazo ni kwamba karatasi iliyogandishwa na plastiki ni usumbufu kwa anayeisaga upya, na Dar es Salaam ina watu wengi wanaoishi kwa kuokota maboksi.

Zipo glasi ambazo kwao mjadala huu ni mdogo, zile zilizotiwa ukakamavu kwa kupashwa moto sana na kupozwa ghafla kwa hewa, kama Duralex za Ufaransa. Ngozi yake hubaki imejibana, na ufa hauna pa kuanzia kirahisi. Hizo zionyeshwe zinavyotaka. Lakini nyingi za dukani kwa shemeji ni glasi za kawaida.

Ushauri wangu nikautoa: ziba, ila libuniwe kama boksi la kiberiti. Ala ya nje yenye kona zote nne nzima, na droo ya ndani yenye vigawanyo virefu. Dukani droo inavutwa hadi nusu, mteja anaona glasi tatu, anatoa moja, anaigonga, anairudisha kwenye chumba chake bila kuchana kitu. Jioni inasukumwa ndani. Mbele litobolewe tundu moja la ukubwa wa sarafu ya shilingi 500, la kuingiza kidole, kuchungulia na kupitisha hewa. Linatumia karatasi nyingi kuliko yote mawili, hilo nilimwambia wazi.

Shemeji hakuridhika kirahisi. "Mteja anayepita Mtaa wa Kongo haoni tundu la sarafu," alisema, na ana haki. Nikamwambia seti moja isimame nje juu ya meza. Akasema hiyo ya mezani ndiyo itakayovunjwa na mikoba ya wapita njia, na hapo pia ana haki, ila naona heri ivunjike seti moja ya maonyesho kuliko kila seti iuzwe ikiwa na upande usio na kinga.

Jumamosi tulitengeneza moja kwa mkono kutoka kwenye katoni kuukuu, tukaliangusha mara 10 kwenye sakafu ya duka, kimo cha kiti cha boda. Kona, kingo na nyuso tano zilipita salama. Uso wa sita ulikuwa ule wa tundu: droo ilichomoka, glasi mbili zikaenda. Sasa amekata ulimi wa karatasi unaojifunga ndani ya ala droo ikirudi, na Jumamosi ijayo tunaliangusha tena, safari hii baada ya kulilaza boksi usiku kucha nje barazani linywe unyevu kwanza.