Baba, A ni ngapi?

Jamani mimi sina ugomvi na kompyuta za darasani, niseme hilo mapema kabisa, maana nikifungua tu mdomo mama wa mwanangu anasema napinga maendeleo. Kompyuta nzuri, safi, ziwepo. Ila mwanangu yuko darasa la pili, juzi nimemuuliza saba jumlisha nane ni ngapi, akaniangalia kwa utulivu wa mtu mzima akasema, "Baba, A ni ngapi?"

A gani tena?

"Si useme A ngapi, B ngapi, C ngapi, ndo nichague."

Nilikosa la kusema. Sisi saba jumlisha nane ulikuwa unatoa vidole, vikiisha unavua viatu, ukikosa unakula fimbo (hiyo fimbo siitetei), lakini jibu lilikuwa linatoka kichwani mwako hata kama lilikuwa la ovyo. Huyu wa kwangu anasubiri jibu liletwe mezani achague, kama bosi.

Basi nikamwambia hebu fungua hiyo programu ya hesabu mnayotumia darasani nione. Akafungua. Kuna sungura. Sungura anauliza swali, chini yake majibu manne. Mtoto akabofya 12, sungura akatikisa kichwa. Akabofya 13, akatikisa. 16, akatikisa. 15, weee, sungura akapiga sarakasi, nyota zikamwagika, sarafu kumi zikaingia. Sekunde nne hazijaisha. Swali lenyewe hajalisoma! Nikasema soma kwanza swali mwanangu, akanijibu bila hata kugeuka, "Ukisoma unachelewa, wenzako wanakusanya sarafu." Na sarafu zenyewe ni za kumnunulia sungura kofia. Sungura wake ana kofia kumi na tisa na miwani ya jua, mimi baba mtu sina hata moja. Halafu mwisho wa muhula inakuja ripoti eti mtoto kajibu sahihi maswali 412. Ni kweli kajibu, sibishi, hata kuku ukimwachia hiyo kompyuta akadonoadonoa mpaka jioni atapata sahihi zote.

Nikaenda kumwona mwalimu. Nilienda na hasira, nikarudi na huruma. Dada wa watu kipindi chake ni dakika arobaini, ishirini za kwanza zote zinaishia kwenye nywila. Huyu kasahau, huyu kaandika kwa herufi kubwa, huyu chaji imeisha, huyu kabonyeza sijui nini skrini imegeuka miguu juu na yeye anasoma kaigeuza shingo hana habari. Mwisho wakaamua kila mtoto nywila yake ibandikwe kwa karatasi nyuma ya kompyuta. Siri kubwa hiyo, darasa zima wanaijua.

Halafu kibodi. Mwaka mzima nyumbani tumeimba a, be, che, mpaka majirani wamekariri, mtoto anafika pale herufi ya kwanza kabisa juu kushoto ni Q. Q! Kwenye Kiswahili hatuna hata neno moja la kuipa kazi hiyo Q. Mpangilio wenyewe ni wa mashine za taipu za karne ya 19, ndo mtoto wa leo anahangaika nao kwa kidole kimoja, anawinda "m" kama anatafuta chawa. Ukimpa penseli aandike jina lake, herufi tatu tu analalamika mkono unauma.

Macho nayo. Wataalamu wana ile kanuni ya ishirini, kila dakika 20 inua macho uangalie kitu kilicho mbali kama mita 6 kwa sekunde 20. Nikamfundisha, kaielewa vizuri tu. Kila dakika ishirini anainua macho anaangalia skrini ya mwenzake wa kiti cha mwisho.

Na hili la umri ndo liliniua. Programu nyingi zinataka mtu awe na miaka 13, imeanzia kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1998 ya kulinda taarifa za watoto mtandaoni, nzuri tu. Sasa wangu ana miaka saba, nikaangalia akaunti yake imeandikwa kazaliwa 1984. Nani kaweka? "Nimeweka ya kwako baba, yangu ilikuwa inakataa." Kwa hiyo mtoto wa darasa la pili anatangaziwa dawa ya mgongo.

Nikasema isiwe ni mimi tu nimechanganyikiwa, nikatafuta. Kumbe OECD, lile shirika la uchumi la nchi tajiri, walishasema tangu 2015, nchi zilizomwaga hela nyingi kwenye kompyuta za shule hazikuonyesha maendeleo ya maana kwenye kusoma wala hesabu. UNESCO nao 2023 wakasisitiza teknolojia isichukue nafasi ya mwalimu, na Uswidi mwaka huohuo wakaanza kurudisha hela kwenye vitabu vya karatasi. Nikamkimbilia mama yake kwa furaha, akaniuliza nimeyasoma wapi hayo. Kwenye simu. Akaendelea na kazi zake.

Basi shule wakasema wazazi tutoe maoni, wakatuma fomu. Ya mtandaoni, ungetegemea nini. Nywila nimesahau, mtoto akaniingizia, anayo kichwani (saba jumlisha nane hana, nywila yangu anayo). Swali la kwanza, je, umeridhika na matumizi ya kompyuta darasani? A, nimeridhika. B, nimeridhika sana. C, nimeridhika kiasi. Nimetafuta D mpaka nimesogeza ukurasa chini, hakuna, na bila kuchagua haikuruhusu kuendelea. Nikabofya C, ikagoma, sijui mtandao. Nikabofya A, ikagoma. Nikabofya B, ikawaka kijani, asante mzazi kwa maoni yako.

Mtoto amesimama pembeni yangu, akanigonga bega.

"Umeona baba? Ndo hivyohivyo."