Gemu za vita: kusubiriana zamu au kukimbizana na saa?

Hapa nyumbani Nkuhungu, Dodoma, kuna ubishi haujaisha tangu mwaka jana, mdogo wangu anasema gemu ya vita ya kusubiriana zamu sio vita, adui gani anakusubiri ufikirie? Mi nimekulia pembeni ya bao la babu kwa hiyo neno lile liliniuma, ila nimelitafakari na kuna sehemu yuko sahihi.

Chukua Age of Empires II ya 1999, gemu ya papo kwa papo, yani hakuna zamu, wote mnacheza kwa wakati mmoja. Unaanza na wanakijiji watatu na skauti mmoja, saa inakimbia, ukishughulika na jeshi kule mbele huku nyuma mashamba yamekwisha na wakulima wamesimama tu, umeshaumia. Kitu adimu pale sio dhahabu wala chakula, ni macho yako, unachagua uangalie wapi na uache wapi, na hiyo ni mbinu kabisa, wanaosema ni kubonyeza haraka tu hawazitendei haki gemu hizi. Shida ni kwamba vidole navyo vina kura. Mapro wa Korea Kusini wa StarCraft, nayo gemu ya papo kwa papo, wanapiga amri zaidi ya 300 kwa dakika, sasa wewe plani yako nzuri utaitekeleza saa ngapi? Na kompyuta ikiganda sekunde tatu tu, jeshi lote limekwenda.

Bao lina mashimo 32 na kete 64, kila kitu kiko wazi, ukifungwa unaweza kurudi nyuma mpaka kwenye mtaji uliokuponza. Ndo maana nazipenda zamu, kosa ni lako na unalijua.

Lakini zamu zina ugonjwa wake, mwoga hapati hasara. Kwenye XCOM ya 2012, gemu ya zamu ya kuongoza kikosi kidogo cha askari, watu walikuwa wanasogeza askari hatua mbili, wanawaweka walinde, zamu imeisha, hatua mbili tena, yani misheni nzima ni kunyata. XCOM 2 ya 2016 ikaja na kikomo cha zamu kwenye misheni nyingi, wachezaji wakalalamika sana mpaka zikatoka mod, yani marekebisho ya gemu yanayotengenezwa na wachezaji wenyewe, za kukiondoa. Mi nilikipenda kile kikomo, kinakulazimisha ujitose bila kukudai wepesi wa mkono.

Gemu za Total War tangu Shogun ya 2000 zimegawa, ramani ni zamu, mapigano ni papo kwa papo, na inafanya kazi kwa sababu kila upande umepewa kazi yake. Ile ya papo kwa papo ila unasimamisha gemu katikati ya vita utoe amri, kama Baldur's Gate ya 1998, inanichosha, ya tatu ya 2023 imehamia kwenye zamu na naona walichagua vizuri.

Juzi tulicheza drafti ya vizibo, kila zamu sekunde kumi kwa saa ya simu, dogo kanifunga mara tatu mfululizo. Tukaweka thelathini nikamfunga mimi. Jumapili tunajaribu ishirini.