Binti ahame, kocha abanwe: uhamisho katika soka la wanawake la vyuo vya Marekani

Onyi Echegini, kiungo wa timu ya taifa ya Nigeria, hakuanzia Florida State. Kwanza alikipiga Mississippi State, chuo ambacho ukiwahesabu vigogo wa soka la wanawake Marekani hukitaji mapema, kisha akahamia Tallahassee, mji kilipo chuo cha Florida State. Msimu wa 2023 Florida State walichukua ubingwa wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, bila kupoteza mechi hata moja, fainali wakaichapa Stanford 5-1, na Echegini akabeba tuzo ya MAC Hermann, ile anayopewa mchezaji bora wa vyuo. Januari 2024 Juventus wakamsajili, na katikati ya mwaka huohuo alikuwa Ufaransa akiichezea Nigeria kwenye Olimpiki. Ukitaka kumshawishi mtu kwamba wachezaji wa vyuo wazuiwe kuhama, usianze na binti huyu.

Lakini kila anapoondoka mchezaji wa kiwango hicho, kuna benchi la ufundi linalobaki nyuma. Makocha wa chuo cha kawaida humfuatilia msichana tangu akiwa sekondari, humlipia masomo, humvumilia msimu wa kwanza anapokosea pasi za wazi, na akishaiva anakwenda kuchezea timu inayowafunga kila mwaka. Klabu ya kulipwa ikipokonywa mchezaji mwenye mkataba hulipwa ada ya uhamisho. Chuo hakipati hata senti. Kocha wake anaanza upya, na mwakani mkurugenzi wa michezo atamuuliza kwa nini timu inafungwa.

Malalamiko hayo ni ya haki, na nayasema mapema kwa sababu nitakayoyasema baadaye yanaegemea upande wa wachezaji.

Kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa. Katika soka la wanawake mchezaji aliweza kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima, tofauti na mpira wa kikapu, lakini chuo anachokiacha kilipaswa kuridhia. Kocha aliyekasirika aliweza kugoma, au kuweka orodha ya vyuo ambavyo binti haruhusiwi kuzungumza navyo. Oktoba 2018 NCAA ilianzisha lango la uhamisho, kanzidata ambayo mchezaji anaomba jina lake liingizwe humo, na ofisi ya chuo chake ina siku mbili za kazi kuliingiza. Jina likishaingia, kocha yeyote nchini anaweza kumpigia. Ruhusa ya kocha wa zamani haihitajiki tena. Desemba 2023 jaji wa shirikisho huko West Virginia alizuia sheria iliyomlazimisha anayehama mara ya pili kukaa nje mwaka, na Aprili 2024 NCAA ikaruhusu kuhama mara yoyote ile mradi mchezaji yuko sawa kimasomo.

Wanaoupinga uhuru huu wanasema umeua uvumilivu. Msichana akikaa benchi mechi nne, mzazi anaanza kuulizia kwingine. Timu inajengwa Januari na kubomoka Desemba. Yapo ya kweli hapo. Msimu wa soka la vyuo ni mfupi mno, kuanzia Agosti hadi Novemba kwa wengi, na mchezaji wa mwaka wa kwanza anaweza kuumaliza hata kabla hajaizoea kasi ya mchezo. Kuondoka baada ya miezi mitatu migumu si kila mara uamuzi wa busara.

Mbona basi uvumilivu huo hatumdai kocha? Mark Krikorian aliipa Florida State ubingwa Desemba 2021, na Machi 2022 akajiuzulu. Nafasi yake ikachukuliwa na Brian Pensky kutoka Tennessee. Hakuna aliyevunja sheria, na kila mmoja alikuwa na haki ya kupanga maisha yake. Ila kuna wasichana waliochagua vyuo hivyo viwili kwa sababu ya watu hao wawili, na ndani ya miezi michache mtu waliyemfuata hakuwepo. Kocha anahama na mshahara mpya. Kumwambia mchezaji wa miaka 19 kwamba yeye ndiye msaliti akifanya jambo lilelile ni uonevu.

Kuna sababu nzito zaidi. Oktoba 2022 ilitoka ripoti ya Sally Yates, iliyoagizwa na shirikisho la soka la Marekani, kuhusu unyanyasaji katika ligi kuu ya wanawake, NWSL. Ilieleza kwamba matusi, udhalilishaji na ukatili wa kingono wa makocha vilikuwa vimeota mizizi, na mizizi hiyo inaanzia kwenye soka la watoto, ambako wasichana wanazoezwa kuona ukali usio na mipaka kuwa ndio ukocha. Vyuo viko katikati ya njia hiyohiyo, kati ya akademi na ligi ya kulipwa. Mchezaji anayehitaji saini ya kocha ili aondoke hawezi kumkimbia kocha huyo. Kwa hilo peke yake, nisingekubali turudi kwenye enzi za kuomba ruhusa, hata kama kila chuo kidogo kingepoteza mshambuliaji wake kila Desemba.

Anayeumia zaidi katika mfumo wa sasa, nadhani, hata jina lake halimo kwenye lango. Ni msichana wa sekondari mwenye miaka 17. Zamani makocha walikuwa wanawaahidi nafasi watoto wa miaka 13 na 14, kwa mdomo tu, na soka la wanawake lilikuwa miongoni mwa michezo iliyosifika vibaya kwa mtindo huo. Mei 2019 NCAA ilizuia: kocha wa daraja la kwanza asizungumze na mchezaji kuhusu usajili kabla ya Juni 15 baada ya kidato chake cha pili cha sekondari ya juu, yaani akiwa na miaka kama 16. Ilikuwa sheria nzuri. Lakini ahadi imebaki ya mdomo, na sasa kocha ana mbadala. Kati ya binti ambaye hajawahi kucheza na watu wazima na mwenye miaka 21 aliyekwishacheza misimu mitatu, mwenye mahitaji ya kushinda mwaka huu anajua atamchukua nani.

Mwaka 2025 hali hii ilibana zaidi. Juni 6 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, iliyofunguliwa na wanamichezo dhidi ya NCAA, yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Vyuo vilivyojiunga vikawekewa ukomo wa wachezaji 28 katika soka la wanawake. Kabla ya hapo ukomo ulikuwa kwenye udhamini wa masomo, nafasi 14 ambazo kocha aliweza kuzigawa vipandevipande kwa kikosi cha ukubwa anaoutaka. Kwa hesabu ya fedha hii ni hatua mbele, kwa kuwa sasa wote 28 wanaweza kulipiwa masomo kikamilifu. Tatizo ni waliokuwa nje ya 28. Wapo wasichana walioambiwa miezi michache kabla ya kuripoti chuoni kwamba nafasi waliyoahidiwa haipo. Jaji mwenyewe aliyakatalia makubaliano kwanza kwa sababu ya watu kama hao, na marekebisho yaliyofuata yaliruhusu wasihesabiwe katika ukomo. Kuruhusu si kulazimisha, hivyo chuo ambacho hakikutaka kuwarudisha hakikuwarudisha.

Hapo ndipo naona lawama inakoenda kombo. Mijadala mingi inamtazama msichana anayehama: ana tamaa, hana subira, ameharibiwa na wazazi. Anayepanga soko ni mwingine.

Tazama jinsi urubuni unavyofanyika. Sheria inamkataza kocha kuzungumza na mchezaji wa chuo kingine kabla jina halijaingia langoni, moja kwa moja au kupitia mtu wa kati. Kwa hiyo kocha mjanja hampigii. Anampigia kocha wa klabu aliyemlea binti tangu ana miaka 12, mtu ambaye bado yuko kwenye ligi ya vijana kama ECNL na bado anahitaji vyuo viwachukue vijana wake wengine. Wanazungumza mambo ya kawaida, kisha mmoja anasema anahitaji beki wa kulia msimu ujao. Jioni binti anapata ujumbe: “Vipi huko, unafurahi? Ukiwahi kufikiria kuondoka niambie kwanza mimi.” Baada ya mechi ya mwisho ya Novemba anaomba jina liingizwe, na siku tatu baadaye tayari ameshakata tiketi ya kwenda kutembelea chuo kipya. Karatasi zote ziko safi. Hakuna simu ya kocha kwa mchezaji itakayoonekana popote.

Watetezi wa mtindo huu wanasema mtu mzima ana haki ya kujua thamani yake kabla hajaacha alichonacho. Hoja hiyo ina uzito, maana kwa taratibu zilivyo, mchezaji anayeingia langoni anahatarisha fedha zake: chuo kinaruhusiwa kusitisha udhamini wake muhula ukiisha, hata kama bado hajapata pa kwenda. Nani aruke gizani? Ndiyo maana mazungumzo ya pembeni yanaonekana kama huruma.

Lakini huruma hiyo inawafikia wenye watu wa kuwapigia simu tu. Mfikirie binti aliyetoka Kampala, Nairobi au Dar es Salaam. Sandra Nabweteme wa Uganda alipitia Southwestern Oklahoma State, chuo cha daraja la pili, akafunga mabao kwa wingi kabla ya kwenda kucheza soka la kulipwa Iceland. Njia ipo, na wapo wengine wanaoitamani. Ila msichana wa aina yake hana kocha wa klabu mwenye namba za nusu ya makocha wa Marekani. Viza yake ya mwanafunzi inategemea chuo kinachomsajili, na fedha zinazoonekana kwenye hati zake mara nyingi ndizo hizo za udhamini. Akiingia langoni udhamini ukakatwa na asipate chuo, swali lake halitakuwa benchi au kikosi cha kwanza. Litakuwa kama anaruhusiwa kubaki nchini. Mikataba ya matangazo, ambayo Wamarekani wameruhusiwa tangu Julai 2021, nayo kwake ni hatari kwa sababu ya masharti ya kazi kwenye viza hiyo. Uhuru wa kuhama anao kisheria. Kuutumia ni jambo jingine.

Masomo nayo yanapigwa. Ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, GAO, ilikadiria mwaka 2017 kwamba mwanafunzi anayehama chuo hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya yuniti za masomo alizokwishapata. Hao ni wanafunzi wote kwa jumla, si wanamichezo pekee. Kwa mchezaji kuna kibano cha ziada: ili aendelee kucheza daraja la kwanza, anatakiwa awe amemaliza asilimia 40 ya shahada kufikia mwisho wa mwaka wa pili, 60 mwaka wa tatu na 80 mwaka wa nne. Anayehama mara mbili hujikuta akichagua kozi kwa kuangalia ipi itakubali yuniti zake. Kocha anayempigia kwa furaha Desemba angepaswa kufika na hesabu hiyo mkononi, iliyoandikwa na mtu wa taaluma wa chuo, kabla binti hajasaini.

Ningeanza na mambo mawili. La kwanza, mchezaji anayeingia langoni abaki na udhamini wake hadi mwisho wa mwaka wa masomo au hadi asaini kwingine, lolote litakalotangulia. Makocha watasema hawawezi kushikilia nafasi wakati ukomo ni 28, na wana haki kwenye nafasi ya uwanjani: wampe mwingine jezi. Ada ya shule ni fungu jingine, na chuo kinachojiita cha elimu kinaweza kuilipa miezi michache zaidi. Hofu ya kuruka gizani ikipungua, kisingizio cha mazungumzo ya pembeni kinapungua nacho. La pili, kocha atakayethibitika kurubuni kupitia mtu wa kati akae nje ya mechi na azuiwe kuchukua mchezaji yeyote kutoka langoni kwa mwaka mzima. Faini chuo kinalipa na kusahau. Kikosi kikikosa beki wa kulia kwa msimu mzima, mkurugenzi wa michezo atataka kujua nani alimpigia nani simu.